Simba chini ya nyayo, simba ndani ya mzabibu

Kila mwaka ufikapo Oktoba, mwezi wa rozari, Wakatoliki wa kwetu huisali Litania ya Bikira Maria jioni baada ya jioni. Mmoja hutangulia, wengine huitikia: Mnara wa Daudi, utuombee. Mnara wa pembe, utuombee. Nyumba ya dhahabu, utuombee. Nilipokuwa mtoto nilidhani "mnara wa pembe" ni mnara wenye kona nyingi, kwa kuwa pembe ya nyumba ndiyo pembe niliyoijua. Ilipita miaka kabla sijatambua kwamba inayotajwa ni pembe ya ndovu, na kwamba mfano wenyewe umo katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 7: "Shingo yako ni kama mnara wa pembe."

Kwa Mkristo wa Ulaya wa Zama za Kati, yaani tangu karne ya 5 hadi ya 15 hivi, neno hilo halikuhitaji kukisiwa. Pembe ilikuwa kwenye jalada la kitabu cha Injili kilichobebwa wakati wa misa, kwenye kichwa cha fimbo ya askofu, kwenye kijisanduku cha masalia ya watakatifu. Na palipokuwa na pembe iliyochongwa, mara nyingi palikuwa na mnyama: simba, nyoka, mwanakondoo, tai, tausi, kulungu, na wengine ambao hakuna mwindaji aliyepata kuwaona. Nataka kueleza namna ya kuwasoma wanyama hao, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kuwasoma vibaya.

Kosa lenyewe ni hili. Mtu hupewa orodha: simba ni nguvu, nyoka ni shetani, tausi ni uzima wa milele. Akishaishika anaamini kila kibao kitamfungukia. Kisha anakutana na simba aliyekanyagwa na Yesu, na hatua mbili mbele anamkuta simba mwenye mabawa ameshika Injili ya Marko, na orodha yake haina jibu. Mnyama katika sanaa hii hatembei na maana yake. Maana anapewa na mahali alipowekwa: yuko chini ya nani, yuko kando ya nini, na ni andiko gani lililokuwa likisomwa na yule aliyeagiza kazi ile.

Wanne wa Zaburi

Tuanze na hao wanaokanyagwa. Yapata mwaka 810, mafundi wa Charlemagne, mfalme aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, walitengeneza kitabu cha Injili chenye maandishi ya dhahabu, kinachojulikana kama Injili za Lorsch kwa jina la monasteri kilikokaa. Majalada yake mawili ya pembe yametengana: moja liko Vatican, jingine London katika makumbusho ya Victoria and Albert. Lile la Vatican linamwonyesha Kristo kijana, hana ndevu, amesimama katikati ya malaika wawili. Miguuni pake wamelala wanyama. Ukiwa na Biblia ya Kiswahili mkononi utaukumbuka mara moja mstari wa Zaburi ya 91: "Utawakanyaga simba na nyoka, mwana-simba na joka utawaseta kwa miguu."

Lakini ukijaribu kuwahesabu wanyama kwa kufuata Biblia yetu, hesabu itakusumbua. Kiswahili kinataja simba wawili, mkubwa na mdogo, na nyoka wawili, mdogo na mkubwa. Mchongaji wa Charlemagne hakusoma hivyo. Biblia yake ya Kilatini, ambamo Zaburi hiyo ni ya 90, inataja wanyama wanne tofauti: fira, basilisko, simba na joka. Basilisko alikuwa mfalme wa nyoka katika masimulizi ya kale, mwenye uwezo wa kuua kwa kutazama tu, na baadaye wachoraji walimpa kichwa cha jogoo na mkia wa nyoka. Kwa hiyo kiumbe mwenye sura ya kuku aliye chini ya miguu ya Yesu si ndoto ya fundi. Ni neno la Kilatini lililopewa mwili.

Kuna kibao kingine cha karne ya 8, kilichopatikana katika kijiji cha Genoels-Elderen huko Ubelgiji na sasa kiko Brussels, ambacho hakimwachii mtazamaji shaka yoyote. Kristo anawakanyaga wanyama hao, na maneno ya Zaburi yamechongwa kwenye fremu kumzunguka. Ukiona maandishi kando ya mnyama, yaanze hayo kabla ya kumtazama mnyama mwenyewe. Ni ushauri mdogo, lakini ungeokoa kurasa nyingi za makisio.

Kwa nini wanne, na kila mmoja anabeba nini? Mafafanuzi yaliyoenea sana ni ya Augustino, askofu wa Hippo katika nchi tuiitayo Algeria leo. Alieleza kwamba simba hushambulia waziwazi ilhali joka huvizia. Simba ni watawala waliowaua Wakristo hadharani. Joka ni wazushi wanaoingia kimyakimya wakiharibu imani. Naye fira alikuwa na kisa chake. Zaburi ya 58 inamtaja "fira kiziwi azibaye sikio lake", na wafafanuzi wakaeleza anavyofanya: anagandamiza sikio moja ardhini na kuziba la pili kwa ncha ya mkia, asisikie sauti ya mganga anayemwita. Ndivyo alivyo mtu asiyetaka kusikia Neno.

Sura yenyewe ya mshindi kumkanyaga adui ilikuwapo kabla ya Ukristo kupata nguvu. Watawala wa Roma walijionyesha hivyo kwenye sarafu, mguu juu ya aliyeshindwa. Wachongaji Wakristo waliichukua picha ya mfalme wakamvika Kristo, na wafalme kama Charlemagne nao wakafurahi kuiona kwenye vitabu vyao, kwa kuwa ushindi wa Kristo na ushindi wa majeshi yao vilikuwa vimekaribiana mno katika fikra zao.

Jengo moja, simba wengi

Mahali pazuri kuliko pote pa kujifunza somo hili ni Ravenna, mji wa Italia karibu na bahari ya Adriatiki. Katika kanisa dogo la maaskofu, lililopambwa yapata mwaka 500, kuna picha ya vijiwe vya rangi: Kristo amevaa kama askari wa Kirumi, msalaba begani, simba chini ya mguu mmoja na nyoka chini ya mwingine. Humo humo katika jengo la maaskofu, ambalo sasa ni makumbusho, kimo kiti cha Maximian aliyekuwa askofu tangu mwaka 546. Ni kiti kizima kilichofunikwa kwa vibao vya pembe. Upande wa mbele wamesimama Yohane Mbatizaji na Wainjili wanne, na juu na chini yao unatambaa mzabibu wenye nakshi ya ajabu. Ndani ya mzabibu huo wamo tausi, kulungu na simba. Simba hao hawajakanyagwa na mtu. Wako nyumbani.

Mzabibu ndio ufunguo. "Mimi ni mzabibu, ninyi ni matawi", anasema Kristo katika Yohana 15. Mnyama aliyewekwa ndani ya mzabibu yuko ndani ya Kristo, ndani ya uumbaji uliopatanishwa, na ukali wake umetulia. Ukiongeza kwamba kiti cha enzi cha Sulemani katika 1 Wafalme 10 kilikuwa cha pembe na simba 12 walisimama kwenye ngazi zake, unapata simba wa tatu: mlinzi wa kiti cha mwenye hekima. Kwa hiyo kwa kutembea hatua chache tu ndani ya jengo lile unapita kutoka kwa simba adui hadi kwa simba rafiki, na waumini wa Ravenna hawakuona mgongano wowote.

Hawakuuona kwa sababu walifundishwa. Augustino, katika kitabu chake kuhusu namna ya kufafanua Maandiko, alichukua mfano huu huu wa simba. Ufunuo 5 unamwita Kristo "Simba aliye wa kabila ya Yuda". Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5, unasema Ibilisi "kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka, akitafuta mtu ammeze." Neno ni moja, na pande zimepingana kabisa. Alisema hivyo hivyo kuhusu nyoka: ndiye aliyemdanganya Hawa, na ndiye ambaye Yesu aliagiza wanafunzi wamwige kwa busara. Huyu ni Mwafrika wa karne ya 4 na ya 5 aliyekwisha kutuonya juu ya orodha za maana, na bado tunaziandika.

Tausi naye ana habari inayomhusu Augustino. Katika kitabu chake juu ya mji wa Mungu anasimulia kwamba akiwa Carthage aliletewa nyama ya tausi iliyopikwa. Alikuwa amesikia kwamba nyama hiyo haiozi, akaagiza kipande cha kifua kihifadhiwe. Baada ya siku zaidi ya 30 kilikuwa hakinuki. Baada ya mwaka kilikuwa kile kile, kimekauka na kusinyaa kidogo tu. Mimi napenda sana kisa hiki, kwa sababu kinamwonyesha mwanateolojia mkubwa akifanya jaribio jikoni. Tausi aliye kwenye kiti cha Maximian anabeba imani hiyo: mwili usioharibika, uzima unaosubiri ufufuo.

Kuna jambo moja zaidi linalofanya hata "kukanyaga" kusiwe wazi siku zote. Huko Ruthwell, Scotland, umesimama msalaba wa mawe wa karne ya 8. Si pembe, lakini umebeba picha hiyo hiyo: Kristo, na wanyama wawili chini ya miguu yake. Maandishi ya Kilatini kando yake hayataji ushindi. Yanasema wanyama na majoka walimtambua Mwokozi wa ulimwengu jangwani. Andiko lililo nyuma yake ni Marko 1:13, ambapo Yesu akiwa jangwani "alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu". Wanyama wale hawasetwi, wanamsujudia. Fikiria basi mtu anayeshika kibao kisicho na maandishi, Kristo juu ya wanyama wawili. Atasoma ushindi au amani? Inabidi atazame vichwa vyao: je, wanauma, wanageuka kwa uchungu, au wameinua nyuso kumtazama?

Ndovu asiye na magoti

Mbali na Biblia, chanzo kikubwa cha wanyama hawa ni kitabu kidogo cha Kigiriki kiitwacho Physiologus, yaani mjuzi wa maumbile. Kiliandikwa katika karne za mwanzo za Ukristo, inaaminika huko Aleksandria nchini Misri. Kilitafsiriwa kwa Kilatini, Kisiria, Kiarmenia, na hata kwa Kigeezi cha Ethiopia. Kila sura humchukua kiumbe mmoja, ikaeleza tabia yake, kisha ikaigeuza tabia hiyo kuwa fundisho. Simba jike huzaa watoto wafu, na siku ya tatu baba yao huja akawapulizia usoni wakaishi: ndivyo Baba alivyomfufua Mwana. Mwari, yule ndege wa majini, hupasua ubavu wake na kuwafufua makinda kwa damu yake.

Sura ya ndovu ndiyo inayonigusa zaidi, maana ndiye mnyama ambaye meno yake yalibeba sanaa yote hii. Kitabu kinasema ndovu hana viungo magotini. Akilala chini hawezi kuinuka, basi husinzia akiegemea mti. Mwindaji huja mapema akaukata mti kwa msumeno na kuuacha umesimama kwa uzi. Ndovu anauegemea, unaanguka, naye anaanguka nao. Analia. Anakuja ndovu mkubwa, anashindwa kumwinua. Wanakuja 12, nao wanashindwa, wote wanalia pamoja. Mwishowe anakuja ndovu mdogo, anapitisha mkonga wake chini ya aliyeanguka, anamnyanyua. Ndovu aliyeanguka kwa sababu ya mti ni Adamu. Yule mkubwa ni Torati, wale 12 ni manabii. Ndovu mdogo ni Kristo ambaye, kama Paulo anavyowaandikia Wafilipi, alitwaa namna ya mtumwa.

Kitabu kinaendelea kwamba ndovu hana tamaa ya mwili. Wakitaka mtoto, dume na jike husafiri kuelekea mashariki karibu na Paradiso, jike akala tunguja kwanza kisha akampa mumewe, kama Hawa alivyofanya. Wakati wa kuzaa jike huingia majini kwa kuogopa joka, na dume husimama kando kulinda.

Mtu wa Tsavo au Ruaha, ambaye amemwona tembo akipiga magoti matopeni, anajua hakuna hata sentensi moja ya mwindaji humo. Lakini kukicheka kitabu hiki ni kukikosa. Hakikuandikwa ili kumfahamu tembo. Kiliandikwa ili kuikumbuka habari ya wokovu kwa kupitia mwili wa mnyama, kama bibi anavyotumia sungura na fisi kumfundisha mjukuu juu ya tamaa, na mjukuu hamwulizi kama sungura anaweza kusema. Na humo ndimo mtu anaelewa kwa nini pembe, nyeupe, baridi, laini kama ngozi, iliyotoka kwa mnyama aliyesifiwa kwa usafi wa mwili, ilifaa sana kumchongea Bikira Maria.

Pembe yenyewe ilitoka wapi? Katika karne ya 6 mfanyabiashara wa Aleksandria anayejulikana kama Cosmas aliandika kwamba Ethiopia ilikuwa na ndovu wengi na kwamba pembe zao zilisafirishwa kwa bahari hadi India, Uajemi na nchi za Warumi. Miaka mia tatu na zaidi baadaye al-Mas'udi wa Baghdad, aliyesafiri hadi pwani yetu mwaka 916, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj hupelekwa Oman, na kutoka huko India na China, na kwamba isingekuwa hivyo zingejaa tele katika nchi za Kiislamu. Hilo linatusaidia kuelewa jambo la mbali. Katika Ulaya ya Magharibi, tangu karne ya 7, pembe ilikuwa adimu. Wachongaji wa enzi ya Charlemagne mara nyingine walichukua vibao vya kale vya Kirumi, wakazikwangua picha za maofisa wa serikali iliyokufa, wakachonga Kristo upande ule ule au mgongoni pake. Na Charlemagne mwenyewe alimwona ndovu hai: khalifa Harun al-Rashid alimpelekea mmoja aitwaye Abul-Abbas, aliyefika mwaka 802 na kufa mwaka 810, karibu na wakati ule ule majalada ya Lorsch yalipokuwa yakichongwa. Alikuwa na magoti, bila shaka, na watu wa Aachen, mji wa Charlemagne, waliyaona. Kitabu hakikubadilishwa.

Kaskazini, pembe ya ndovu isipofika, walitumia meno ya mnyama mkubwa wa baharini aitwaye walrasi, yaliyoletwa kutoka Norway na Greenland, na mifupa ya nyangumi. Kuna kijisanduku cha mfupa wa nyangumi cha karne ya 8, kilichotengenezwa Uingereza na sasa kiko British Museum, ambacho kimechongwa Mamajusi wakimletea mtoto Yesu zawadi, na upande mwingine mbwa mwitu akiwanyonyesha mapacha walioanzisha Roma. Maandishi yake ya mbele hayaelezi picha hata kidogo. Yanasimulia jinsi bahari ilivyomtupa samaki yule mkubwa ufukweni akahuzunika juu ya changarawe, kisha yanamtaja: mfupa wa nyangumi. Mchongaji huyo alimkumbuka mnyama aliyempa malighafi.

Nyoka hupenda mviringo

Malighafi nayo huchagua mnyama. Pembe ya ndovu ni jino, na karibu theluthi moja upande wa kichwani ina uwazi. Sehemu hiyo ilikatwa kwa msumeno kuwa visanduku vya duara, ambavyo picha zake huzunguka bila mwanzo wala mwisho. Sehemu iliyojaa ilipasuliwa kuwa vibao vyembamba na virefu, na upana wake haukuweza kupita unene wa jino. Ndiyo maana Kristo wa vibao hivyo amesimama wima na wanyama wamebanwa chini.

Fimbo ya askofu inaishia kwa kichwa kilichojikunja kama konokono, na hakuna mnyama aliyeumbwa kwa mkunjo huo kama nyoka. Fimbo nyingi za pembe za karne ya 12 na ya 13 zimechongwa hivyo: shingo ya nyoka inazunguka, kichwa kinaingia katikati na kufungua taya. Mbele ya taya hizo amesimama mwanakondoo mwenye msalaba. Mwanakondoo anamshinda joka, mchungaji wa kundi amekamata silaha yake. Lakini kumbuka pia fimbo iliyogeuka nyoka mbele ya Farao, na nyoka wa wakati huo alikuwa kazi ya Mungu. Askofu aliyeshika fimbo ile alishika habari zote mbili kwa mkono mmoja.

Mfano mkali zaidi uko New York, katika tawi la makumbusho ya Metropolitan liitwalo Cloisters, ambalo liliununua mwaka 1963: msalaba wa meno ya walrasi, kazi ya Uingereza ya karne ya 12, wenye kimo cha karibu sentimita 58 na uliounganishwa vipande vipande. Katikati ya upande mmoja yupo nyoka. Kwa orodha yetu ya zamani ungesema shetani yuko moyoni mwa msalaba. Ni nyoka wa shaba wa Musa, na andiko ni la Yohana 3: "Na kama vile Musa alivyomwinua yule nyoka jangwani, vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa." Nyoka yule ni Kristo. Upande wa pili, katikati, yupo mwanakondoo, na kwenye ncha wapo simba wa Marko, ng'ombe wa Luka na tai wa Yohane; mtu wa Mathayo amepotea pamoja na ncha ya chini. (Hata hao wanne hawakuwa imara tangu mwanzo. Askofu Ireneo wa karne ya 2 alimpa Yohane simba na Marko tai. Mgawanyo tunaoujua ni ule wa Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini.)

Siwezi kuusifu msalaba huo nikanyamaza juu ya jambo jingine. Mwanakondoo yule anachomwa mkuki na mwanamke anayeitwa Sinagogi, yaani mfano wa dini ya Kiyahudi, na maandishi ya msalaba yamejaa shutuma dhidi ya Wayahudi. Mnyama mpole kuliko wote alitumiwa kuwanyoshea watu kidole. Karne moja baadaye, mwaka 1290, Wayahudi wote walifukuzwa Uingereza. Uzuri wa mkono wa mchongaji hauondoi hilo.

Katika Paris ya karne ya 14, pembe zilipokuwa zimeongezeka na mafundi wake wamepangwa katika vyama vyao, mnyama mtakatifu aliingia chumbani mwa matajiri. Visanduku vya wapendanao vilichongwa visa vya mapenzi, na kwenye kimoja kilichopo Metropolitan, mnyama mwenye pembe moja amelaza kichwa mapajani mwa msichana huku mwindaji akimchoma mkuki. Physiologus ilisema mnyama huyo hakamatwi ila na bikira, naye ni Kristo aliyekaa tumboni mwa Maria. Jirani yake kwenye kibao hicho hicho Tristan na Isolde, wapenzi wa hadithi za kale, wanakutana kwa siri chini ya mti, na mfalme Mark, mume wa Isolde, amejificha juu yake. Wapo wanaosema msichana na mnyama wamekuwa tu mfano wa mwanamume aliyenaswa na mapenzi. Mimi nasoma kinyume: fundi amewaweka bega kwa bega ili mapenzi safi yahukumu mapenzi ya wizi, na ndoano ya maana iko kwenye ujirani huo. Ukimtoa mnyama peke yake, vyote viwili vinapotea.

Na je, wale wasio na andiko lolote? Huko York, Uingereza, kanisa kuu linahifadhi baragumu liitwalo Pembe ya Ulf: pembe nzima ya ndovu, iliyochongwa kusini mwa Italia katika karne ya 11, ambayo tajiri Ulf aliitoa kanisani kama hati ya ardhi zake. Karibu na mdomo wake wanatembea simba, mnyama mwenye pembe moja, na kiumbe mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, kwa mtindo ambao mafundi wa Amalfi na Salerno waliuokota kwenye vitambaa na vyombo vya Waislamu. Sisi watu wa pwani, tulioijua siwa ya Pate, baragumu la pembe lililo makumbusho ya Lamu, hatushangai kwamba pembe moja iweze kubeba heshima, sheria na sauti kwa pamoja. Lakini wanyama wa York hawahubiri. Ni fahari, ni mchezo wa patasi, ni utajiri ulioonyeshwa. Zipo maana ambazo watazamaji wa baadaye walizilazimisha, na ni vema kuwaacha wanyama hao wapumue.

Hata wakati huo yupo aliyekereka. Yapata mwaka 1125 mtawa Bernard wa Clairvaux alimwandikia abate William wa Saint-Thierry akilalamika juu ya nakshi za mawe katika nyumba za watawa: nyani, simba wakali, viumbe nusu watu, kichwa kimoja chenye miili mingi. Wanafanya nini, aliuliza, mbele ya ndugu wanaosoma? Mtawa ataishia kusoma mawe badala ya vitabu. Kama watu hawaoni haya kwa upuuzi huo, akaongeza, basi na waone haya kwa gharama yake. Malalamiko yake ni ushahidi mzuri: mtu aliyekesha na Maandiko aliwatazama wanyama wale na hakuona fundisho.

Katika vibao vyote nilivyovitaja, ndovu mwenyewe hajachongwa. Wamechongwa maadui zake na rafiki zake, joka na mwanakondoo, lakini yeye amebaki kuwa uso wa kuchongea. Yuko mahali pamoja ambapo nimempata, katika kibao cha Konstantinopoli cha mwanzo wa karne ya 6 kinachoitwa Barberini, kilichopo Louvre. Juu kabisa Kristo anabariki katikati ya malaika. Katikati mfalme amepanda farasi. Chini, katika ukanda mwembamba, mataifa yaliyoshindwa yanaleta kodi: upande mmoja wameleta simba, upande mwingine chui mwenye milia na ndovu mdogo. Mtu mmoja wa msafara huo amebeba jino la ndovu mikononi, na ndovu anatembea karibu naye, kichwa kimeelekea mbele kama wengine.